Harufu ya mabwawa, mkaa wa koridoni na betri za jirani

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nimeolewa Vingunguti, Dar es Salaam, na tunakaa si mbali na mabwawa ya majitaka. Jioni harufu haivumiliki. Kichwa kinauma, kichefuchefu kinanibana, usiku silali. Zahanati wamenipima malaria, taifodi, UTI na presha, wanasema sina kitu. Mume wangu kazaliwa hapa. Anasema hasikii harufu yoyote na kwamba najitia ugonjwa kwa mawazo. Mama mkwe ndiyo kabisa, ananiambia niache kudeka, kwani yeye miaka yote anapikia mkaa, mvua ikinyesha jiko analiingiza koridoni, na hajawahi kulalamika. Hata jirani yetu anayepasua betri chakavu za magari na kuyeyusha madini ya risasi ya kutengenezea chubwi, vile vizito vya kuvulia samaki, hajawahi kunikera kama hayo mabwawa. Moshi wake ni kidogo tu, na mwanangu wa miaka mitatu hushinda hapo akicheza na watoto wake. Siku hizi tumbo linamsumbua, nimempa dawa ya minyoo. Naomba unijibu: harufu inaweza kumuumiza mtu kweli, au ni hofu yangu?

JIBU: Dada yangu, kama mtoto yuko kwa jirani sasa hivi, acha kusoma, kamwite, umnawishe mikono na uso kwa sabuni, umbadilishe nguo, kisha urudi tuendelee.

Umeniandikia mambo matatu na umeyapanga kwa jinsi yanavyokukera: mabwawa yamepata sentensi nyingi, jiko limetajwa kwa kupita, na betri umezileta kama mfano wa kitu kisicho na shida. Mimi ningeyapanga kinyume chake. Lakini swali ulilouliza ni la harufu, nianze nalo, maana jibu lake ndilo litakalokuonyesha kwa nini hayo mengine mawili yamekupita.

Harufu inaumiza, ndiyo. Ile inayonuka kama yai viza ni gesi iitwayo haidrojeni salfaidi, inayotengenezwa na vijidudu vinavyoozesha uchafu mahali pasipo na oksijeni. Pua zetu zina ukali wa ajabu kwa gesi hii: tunaisikia hata ikiwa sehemu chache tu katika bilioni ya hewa, kiwango kilicho chini sana ya kile kinachoweza kuusumisha mwili. Jioni upepo ukitulia na ardhi ikianza kupoa, hewa ya chini haipandi tena kama mchana, kwa hiyo uvundo unalala pale pale mlipo. Hujaota, na wala saa hujaikosea.

Sasa kama kiwango ni kidogo hivyo, kwa nini kichwa kiume? Kwa sababu taarifa ya harufu ina njia fupi sana ya kufika kwenye sehemu za ubongo zinazoshughulika na hisia na hatari. Ubongo ukiambiwa "uozo", hausubiri vipimo vya maabara. Unauandaa mwili kujihami: shingo inakaza, tumbo linachafuka, moyo unaongeza kasi, usingizi unakimbia. Hali hiyo ikijirudia kila jioni kwa miezi, mtu anaumwa kweli kweli ingawa hakuna sumu iliyopimika kwenye damu yake.

Jambo hili limepimwa. Mashariki mwa jimbo la North Carolina, Marekani, kuna mashamba makubwa ya nguruwe yanayohifadhi kinyesi kwenye mabwawa ya wazi. Mtafiti Steve Wing na wenzake wa Chuo Kikuu cha North Carolina waliwachukua watu wazima 101 wasiovuta sigara kutoka vitongoji 16 vya jirani. Mara mbili kwa siku, kwa muda wa kama wiki mbili, kila mmoja alikaa nje dakika 10, akaandika ukali wa harufu, kisha akajipima presha. Matokeo, yaliyotoka mwaka 2013, yalionyesha kuwa harufu ikizidi, presha ya chini, ile namba ya pili kwenye mashine, nayo inapanda. Kupanda kwenyewe kulikuwa kudogo, si kwa kumlaza mtu hospitali, lakini kulikuwepo, na mashine ya presha haina mawazo wala haideki. Mwambie hivyo mumeo.

Hapo hapo, mumeo naye hajakosa kila kitu. Mwaka 1991 huko California, David Shusterman na wenzake walichapisha uchambuzi wa majibu ya watu wazima zaidi ya 2,000 waliokuwa wakiishi karibu na maeneo matatu ya taka hatari. Waliosikia harufu mara kwa mara waliripoti maumivu ya kichwa kwa uwiano wa takribani mara 5 kuliko wasioisikia. Waliosema wana wasiwasi mkubwa juu ya mazingira yao, ikilinganishwa na wasio na wasiwasi, uwiano wao ulizidi mara 10. Kwa hiyo wasiwasi una sehemu yake, tena kubwa. Na Pamela Dalton, mtafiti wa harufu huko Philadelphia, aliwanusisha watu kitu kile kile, baadhi wakiambiwa kina madhara, wengine wakiambiwa ni dondoo la asili lisilo na neno. Walioambiwa kina madhara walilalamika zaidi, na harufu iliendelea kuwa kali puani mwao wakati wenzao walikuwa wameshaizoea.

Soma hilo la Dalton mara mbili, kwa sababu ndilo linaloeleza ugomvi wa nyumbani kwenu. Mumeo amekulia hapo. Ubongo wake ulishaamua zamani kwamba hiyo ni harufu ya nyumbani, ukaifuta. Wewe umeingia ukubwani, hukuichagua, na kila jioni unajiuliza inakufanya nini. Pua mbili, hewa moja, taarifa tofauti, na hakuna anayedanganya. Tena kutoisikia si dalili ya usalama. Gesi hii hii ikifika kwenye sehemu 100 katika milioni, inaizima pua yenyewe: mtu anaacha kuisikia wakati ndiyo imekuwa ya kuua. Ndiyo maana mafundi wanaoingia kwenye mashimo ya choo huanguka mmoja baada ya mwingine, kila anayeshuka kumuokoa mwenzake akidhani hewa imetulia. Kwenye mtaa wenu haiwezi kufika huko kwa kupeperushwa na upepo, lakini mtu asishuke kwenye chemba kwa kigezo kwamba hainuki.

Niongeze la tatu ambalo watu husahau: afya nayo hubadilisha tunavyouona uchafuzi. Mwenye pumu, mjamzito, mtu asiyelala vizuri, hao huihisi hewa mbaya mapema kuliko wenzao. Kwa hiyo ukikuta mtaa ambao wagonjwa wengi wanalalamikia hewa, huwezi kusema papo hapo ni hewa iliyowaumiza au ni ugonjwa uliowafanya waisikie zaidi. Mara nyingi ni vyote viwili vinavyokimbizana.

Sipendi, hata hivyo, neno "wasiwasi" likishikwa na watu wasiohusika. Nimeshakaa kwenye vikao ambamo wananchi wanaeleza shida zao na mtu wa kiwanda anajibu kwa upole kwamba tatizo ni mtazamo wa jamii, waelimishwe. Wasiwasi wa mtu anayeishi na uvundo asiouomba umesababishwa na uvundo, kwa hiyo dawa yake ya kwanza ni kuushughulikia uvundo. Semina baadaye.

Haya, twende kwenye jiko. Mabwawa yanakusumbua jioni. Mama mkwe anapika saa ngapi? Nadhani jioni. Na siku za mvua, wakati hewa imetulia na madirisha yamefungwa, jiko linakaa koridoni. Mkaa ukiwaka vizuri hautoi moshi wa kuonekana, ndiyo maana kila mtu anauamini kuliko kuni. Lakini unatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoishika damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200. Dalili zake za mwanzo ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu na uchovu. Umeona? Ni karibu orodha yako yote, na hakuna kipimo cha malaria, taifodi, UTI wala presha kitakachoionyesha.

Sisemi ndiyo chanzo. Nasema unaweza kujichunguza mwenyewe bila gharama. Siku kichwa kikianza jiko likiwa ndani, toka nje ukakae penye hewa, hata kama huko nje uvundo wa mabwawa uko pale pale. Ukipata nafuu baada ya muda huku bado unausikia uvundo, mshuku mkaa. Ukizidiwa zaidi huko nje, na siku ambazo hakukupikwa ndani unaumwa vile vile, basi ni mabwawa. Andika kwenye daftari la shule: tarehe, saa, harufu kwa alama 0 hadi 5, mvua au jua, jiko liko wapi, kichwa kikoje, usiku umelala vipi. Wiki tatu za daftari hilo zitakusaidia kwa daktari kuliko kurudia kipimo cha taifodi. Na kama siku yoyote watu wawili au watatu mliomo ndani mtaumwa kichwa kwa pamoja, zimeni jiko, fungueni kila kitu, tokeni wote, na nendeni hospitali mkawaambie mlikuwa na mkaa ndani.

Mama mkwe usimwendee na hoja ya sumu; atakukumbusha amelea watoto wangapi kwa jiko hilo. Mwombe turubai au bati la kuwekea kivuli cha jiko nje mlangoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi na hewa chafu ya majiko ya majumbani ilihusika na vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, lakini takwimu hiyo itamwingia sikio hili itoke lile. Bati la mvua atalielewa.

Kuna sababu ya yeye kutolihofia jiko na wewe kutomhofia jirani. Paul Slovic, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechunguza namna watu wanavyopima hatari, alieleza mwaka 1987 kwamba hatuzipimi kwa idadi ya wanaokufa. Tunachoogopa sana ni kitu kigeni, tusichoweza kukizuia, kilicholetwa na wengine. Kitu tulichokizoea, tunachokiwasha na kukizima wenyewe, chenye faida tunayoiona, tunakipunguzia uzito. Mabwawa ni ya mamlaka, hayana sura, hayakupi kitu. Jiko ni chakula. Jirani ni baba wa watoto wanaocheza na mwanao, na pengine shemeji yako anachukua chubwi kwake. Watafiti wa APHRC, kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya barani Afrika, walipozungumza na wakazi wa mitaa duni ya Korogocho na Viwandani, Nairobi, juu ya hewa wanayovuta, walikutana na kauli ambayo hata hapa kwetu haihitaji mkalimani: tumeshazoea.

Sasa betri. Hebu tazama kazi yenyewe inavyofanyika, maana nimeiona mara nyingi. Kasha linapasuliwa kwa shoka au nyundo, asidi inamwagwa chini, na asidi hiyo inaondoka na risasi iliyoyeyuka ndani yake. Bamba zinatolewa, zinagongwa ili ute wa kijivu uanguke. Kinachobaki kinawekwa kwenye sufuria kuukuu juu ya mkaa, kinayeyuka, kinaenguliwa povu kwa kijiko, kinamiminwa kwenye vishimo vya mchanga. Povu linatupwa pembeni. Moshi kweli ni kidogo, tena hauwashi macho. Hatari haiko kwenye moshi unaouona. Iko kwenye vumbi la kijivu linalobaki kwenye udongo, kwenye suruali ya fundi, kwenye kizingiti, kwenye vidole vya mtoto anayechora gari chini kisha anakula andazi.

Risasi hainuki, haikwaruzi koo, haikufanyi upige chafya. Mwili wa mtoto unaifananisha na kalisi, unaipokea na kuitunza kwenye mifupa. Risasi iliyoingia kwa kumeza, mtoto mdogo anaifyonza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima. Inapunguza damu, inaharibu ubongo unaokua, na dalili zake ni za kila siku: tumbo kuuma, choo kigumu, kukosa hamu ya kula, kununa na kulia bila sababu, baadaye uzito wa kujifunza. Ikizidi sana, degedege na kupoteza fahamu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Tumbo la mwanao linaweza kabisa kuwa minyoo. Ila mtoto wa miaka mitatu anayeshinda kwenye uwanja wa betri na analalamika tumbo, mimi sitatulia kwa dawa ya minyoo.

Thiaroye-sur-Mer, pembeni mwa Dakar, Senegal, watu walikuwa na kazi hiyo hiyo. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 walikufa watoto 18 wa mtaa mmoja kabla sababu haijajulikana. Wakazi walikuwa wakichekecha udongo wenye mabaki ya betri kutafuta risasi ya kuuza, na wengine walibeba udongo huo mpaka majumbani. Hakuna aliyekuwa analalamikia udongo. Karibu zaidi na kwetu, Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilifanya kazi kuanzia 2007 hadi 2014. Watu walilalamikia moshi na kikohozi, vitu vya kuonekana. Risasi ilijulikana pale damu ilipopimwa, akiwemo mtoto wa Phyllis Omido, mfanyakazi wa hapo ambaye baadaye aliongoza mapambano ya wakazi mpaka mahakamani. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira iliwapa fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na baada ya rufaa nyingi Mahakama ya Juu iliirudisha hukumu hiyo mwaka 2024.

La kufanya, basi. Mtoto asirudi kwa jirani, hata kwa dakika tano. Watoto wa jirani waje kwenu wakishanawa. Viatu vya nje vibaki nje. Usifagie kikavu, maana ufagio unalipandisha vumbi. Piga deki na futa madirisha na meza kwa kitambaa kibichi. Mikono kabla ya kula, kabla ya kulala, kucha fupi. Asikae na njaa, kwa kuwa tumbo tupu hufyonza risasi zaidi. Mpe maziwa akipata, dagaa, maharage, mchicha na matembele, vyakula vya chuma na kalisi. Usimpe "dawa ya kutoa sumu" ya chupa wala ya unga. Hakuna majani wala kinywaji cha kuitoa risasi, na dawa halisi za kuitoa hutolewa hospitalini kwa wenye kiwango kikubwa tu.

Zahanati hawatakuwa na kipimo. Omba rufaa, na ukimwona daktari wa watoto usiseme "tumbo linamsumbua" ukaishia hapo; sema: "Anacheza mahali wanapoyeyusha betri, naomba apimwe risasi kwenye damu na wingi wa damu." Sentensi hiyo itabadilisha mwelekeo wa uchunguzi wote. Uliza sampuli itapelekwa maabara gani na majibu yanakuja lini. Kama wewe ni mjamzito au unanyonyesha, pimwa pia.

Jirani asikutane na mkutano wa hadhara. Anayeumia zaidi ni yeye na wanawe. Mtume mumeo, kwa kuwa ni mtoto wa hapo, akazungumze naye faragha: betri zinauzika nzima kwa wanunuzi wa chuma chakavu bila kupasuliwa nyumbani, nguo za kazi zisichanganywe na za watoto, aoge kabla ya kuwabeba. Akikataa, nendeni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kisha afisa afya wa kata na afisa mazingira wa Jiji, na ikibidi NEMC, baraza la taifa la mazingira, ambao wana mamlaka chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Hata akiacha leo, risasi haiozi. Udongo ule utabaki na sumu yake mpaka ufunikwe kwa zege au uondolewe na watu wanaojua kazi hiyo. Ninyi msiuchimbe na msiuchekeche.

Malalamiko ya mabwawa yapelekeni kwa pamoja, kaya kadhaa, kila moja na daftari lake la tarehe na saa. Barua inayosema "harufu ni kali" hujibiwa kwa "tunalifanyia kazi". Kaya kumi zilizoandika saa zile zile kwa siku zile zile, mtu wa mamlaka anaweza kuzilinganisha na kazi iliyokuwa ikifanyika kwenye mabwawa siku hizo.

Majibu ya damu ya mtoto yakirudi na mikrogramu 5 kwa desilita au zaidi, huo ndio mstari ambao Shirika la Afya Duniani linataka chanzo kitafutwe na kikomeshwe. Yakifika 45 au kuzidi, anahitaji matibabu hospitalini bila kuchelewa. Yakiwa chini ya 5, usimrudishe kwa jirani, na umpime tena baada ya miezi michache.